Amana ya Mansur

Mwanasaumu alirudi kutoka kupeleka maziwa, akakuta mbuzi wake wote wamejibana kwenye pembe moja ya zizi, wamepandiana migongo, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kuitazama ndoo ya pumba. Jua lilikuwa la adhuhuri. Uani hapakuwa na mbwa wala mtu mgeni. Akasimama, akatega sikio. Ndani ya banda la kuni mlitoka mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyempoteza mamaye: piu, piu. Kisha kimya. Kisha piu tena.

Barazani nyuma ya nyumba, shemeji yake Mansur alikuwa amekalia kiti cha pekee kilichobaki kizima, anakunywa chai. Bi Jalila, mavyaa wake Mwanasaumu, alikuwa akimpepea mwanawe huyo mkubwa kwa kipepeo cha ukindu kama aliyerudi kutoka Hija. Luqman, mdogo wake Mansur na mume wa Mwanasaumu, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Asalaam aleikum."

"Wa aleikum salaam, mwenye nyumba," Mansur akacheka. Kila alipomwita hivyo Mwanasaumu alijiona mpangaji.

"Shemeji, umetuletea vifaranga?"

Mansur akamtazama nduguye. "Hukumwambia?"

"Ni paka," Luqman akasema bila kuinua uso.

"Paka gani hulia hivyo?"

"Paka wa kizungu," akadakia Bi Jalila. "Mansur ana mtu wake anayewataka. Watakaa kidogo, waondoke. Wewe una maziwa, wape maziwa. Kwani shida iko wapi?"

Mwanasaumu akaenda akafungua banda. Katikati ya magogo palikuwa na tenga la vitunguu lililofunikwa gunia, na ndani yake mlikuwa na viumbe wawili, kila mmoja si mkubwa kuliko paka aliyeshiba. Miguu yao ilikuwa mirefu kupita miili yao, na mgongoni walikuwa na manyoya marefu ya kijivu, kama waliomwagiwa majivu. Kutoka pembe ya ndani ya kila jicho uliteremka mstari mweusi hadi mdomoni, kama wanja uliochuruzishwa na machozi. Aliyekuwa mbele alikunja pua, akatema mate kwa hasira, kisha akalia kile kilio chake cha kifaranga.

Alifunga mlango.

"Hawa ni chui."

"Duma," Mansur akamsahihisha kwa upole. "Chui ni mwingine. Mama yao alikula mbuzi za watu huko kaskazini, wakamuua. Sisi tumewaokoa hawa. Huko waendako watalala kwenye zulia, watapanda magari ambayo mimi na wewe hatutayagusa."

"Waendako wapi?"

Mansur aliweka kikombe chini. Kazi yake ilikuwa ya uwakala wa mizigo bandarini, na alijua kunyamaza kwa namna iliyomfanya mwenzake aone haya kuuliza. "Hii ni amana, shemeji. Amana haiulizwi maswali. Mtu akisikia sauti, mwambie ni kasuku." Akainuka, akakung'uta kanzu. Kisha, kama aliyekumbuka jambo dogo, akaongeza, "Walionipa si watu wa mchezo. Mimi mwenyewe nawaogopa."

Alipoondoka, Mwanasaumu alimgeukia mumewe. Kabla hajafungua kinywa, Bi Jalila alimwonyesha juu kwa kipepeo.

"Paa hilo nani aliliezeka? Kazi ya bwanako nani aliitafuta? Mwanangu Mansur hajawahi kuomba kitu nyumba hii. Leo kaomba kuwekewa vipaka tu, umekunja uso kama uliyelishwa shubiri."

Luqman akavirudia vidole vya miguu yake.

Kati ya wale duma wawili, yule mdogo wa kike aliizoea chupa upesi. Mwanasaumu alikata kidole cha glavu ya mpira, akakitoboa kwa sindano, akakifunga kwenye mdomo wa chupa ya soda. Kalikinyonya huku kakikanda leso yake kwa kucha zisizorudi ndani. Kalikuwa na moyo uliopiga haraka mno, na kila kalipomaliza kalilia, kakaitikiwa na nduguye kutoka ndani ya tenga. Wa kiume alikuwa na taabu. Alinyonya kidogo, akatapika. Matumbo yakamwendesha. Mwanasaumu alimpasulia dagaa, akamtafunia nyama, akajaribu uji. Hakuna kilichokaa.

Nyumba nayo ilibadilika. Mbuzi walipunguza maziwa hata wateja wakaanza kumnung'unikia. Luqman alikula amesimama, akiwa ameelekea barabarani, na pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba aliacha tonge mkononi. Asmaa, binti yao, aliyekuwa darasa la nne, alikatazwa kuleta wenzake. Mbeyu, jirani wa upande wa pili wa ua, mama wa Kigiriama aliyekuwa na masikio ya mlinzi, alisimama asubuhi moja kwenye ua wa makuti.

"Mama Asmaa, huyo kasuku wenu hajambo?"

"Hajambo, dada."

"Mbona analia kama mwenye njaa?"

"Mgeni. Hajazoea."

Mbeyu alivuta hewa puani. "Haya," akasema. "Lakini kasuku hanuki hivyo."

Siku zilizofuata yule wa kiume alianza kuyumba. Alitembea kwa kugonga magogo, ute ukimning'inia mdomoni, akawa anang'ata chochote kilicho mbele yake, hata mbavu za tenga. Kisha akalala ubavu, akatetemeka, na mchana mmoja, Mwanasaumu akiwa amempakata, akanyooka. Nduguye aliita, akaita, na kwa mara ya kwanza hakujibiwa.

Mansur alikuja alasiri hiyo hiyo. Hakuutazama mzoga kwa huruma, aliutazama kama sahani iliyovunjika. Akamgeukia Luqman.

"Nilikupa nini?"

"Kaka, aliletwa mgonjwa. Mama Asmaa amefanya kila—"

Kofi lilimpata Luqman upande wa sikio. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, amesimama katika ua wake mwenyewe. Asmaa alikuwa mlangoni. Bi Jalila aligeuza uso, akajifanya anaokota ukindu. Luqman hakuinua mkono wala hakushika shavu, akabaki amesimama tu, anapepesa macho.

Mansur alimtia yule mnyama katika kiroba cha sukari. "Nitamtupa mimi mwenyewe, maana nyinyi hata hilo mtaliharibu. Huyu aliyebaki, Ijumaa wanakuja kumchukua. Akifa naye, msinitafute. Watakuja wao kuwatafuta nyinyi."

Lilipoondoka gari, Mwanasaumu alimwita Asmaa aoge. Mtoto alikataa kuvua. Aling'ang'ania mkono mmoja wa kanzu yake ya chuo cha Kurani, akalia. Mama alipoupandisha, aliona kwenye kiwiko cha mkono kitambaa, chini yake manjano yaliyochanganywa na mafuta ya taa, na chini ya manjano mashimo ya meno, kingo zake zimevimba.

"Nani kakufanya hivi?"

"Yule aliyekufa." Asmaa alikuwa akinong'ona. "Siku nyingi. Nilitaka kumpa biskuti. Bibi alisema nisikwambie, baba mkubwa Mansur atakasirika."

Mwanasaumu alimfuata Bi Jalila uani. "Mama, ulijua?"

"Paka kumng'ata mtoto ndio kiyama?" Bi Jalila akasema, lakini sauti yake haikuwa na ile nguvu ya siku zote. "Nimemtia dawa. Sisi tulikua vipi?"

Asubuhi walikwenda zahanati, wote watatu. Njia nzima Luqman alimshika mtoto mkono mzima, akimfundisha. Ni paka. Paka wa mtaani. Humjui mwenyewe. Asmaa aliyarudia maneno kama anavyorudia aya.

Muuguzi wa zamu aliitwa Eddah, mwanamke wa makamo mwenye uso mchovu. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kwa muda mrefu mno, hata watu wa kwenye benchi wakaanza kunong'ona.

"Mnyama gani?"

"Paka," Luqman akajibu.

"Wa nani?"

"Wa mtaani tu."

"Yuko wapi sasa?"

"Amekufa," Asmaa akasema. Hilo hakuwa amefundishwa.

Eddah alifunga bomba. "Amekufaje?"

Akawasogelea, akashusha sauti. "Sikilizeni. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Mnyama aking'ata mtu, kisha akafa baada ya siku chache, mimi silali. Nitampa sindano sasa hivi, na nyingine zitafuata, na zinasaidia sana. Lakini mmechelewa, na kidonda hakikuoshwa. Huyo mnyama lazima apatikane apimwe kichwa. Kwa hiyo nawauliza tena. Alikuwa mnyama gani, na yuko wapi?"

Mwanasaumu alimtazama mumewe. Luqman alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi, na macho yake yakamwomba. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwomba kitu kwa macho namna ile. Akakumbuka kofi la jana, akakumbuka namna alivyosimama.

"Si paka, sista," akasema. "Ni duma. Mtoto wa duma. Walikuwa wawili, mmoja yuko nyumbani kwangu, mtaa wa Shika Adabu."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Wengine hawakucheka. Luqman aliinuka, akafungua mlango, akatoka bila kuaga.

Askari wa wanyamapori walipofika walimkuta Luqman hajakimbia. Alikuwa amekaa mbele ya banda la kuni, mgongo mlangoni. Walipomuuliza mnyama ni wa nani, akasema, "Wangu."

"Ulimtoa wapi?"

"Wangu."

Pamoja nao alikuja daktari wa wanyama wa shirika moja la uokoaji, mwanamke wa bara aliyejitambulisha kwa jina la Margret. Aliingia bandani peke yake, akakaa chini kwenye vumbi, akangoja hadi yule mdogo alipotoka nyuma ya magogo. Alimpima, akampapasa miguu. "Maziwa ya mbuzi si sumu, mama," akamwambia Mwanasaumu, "lakini hayamtoshi. Mifupa imeanza kulegea. Umefanya ulichoweza." Kisha akawageukia wote. "Zahanati wamenipigia simu. Ninamhitaji yule aliyekufa. Katika joto hili kila saa inatuharibia."

Luqman alikuwa tayari amefungwa pingu. Macho yote yakamwendea yeye. Mwanasaumu akaelewa kwamba alijua mnyama alikotupwa, kwamba Mansur alikuwa amemwambia.

"Luqman!" Bi Jalila alitoka mlangoni, leso imemvuka kichwani, majirani wote wakimwona. "Ukimtaja nduguyo mbele ya hawa, maziwa niliyokunyonyesha sikuhalalishii. Duniani wala akhera!"

Luqman aliinamisha kichwa, akapanda gari.

Bi Jalila akamgeukia Mwanasaumu, mkazamwana wake. "Umemuuza mwanangu kwa mkwaruzo wa paka."

Kesho yake Mwanasaumu alisimama kituo cha polisi tangu asubuhi na chupa ya chai na mahamri. Askari wa zamu aliyavunja mahamri yote moja moja kutafuta kitu, akampa makombo. Luqman aliletwa kwenye dirisha la nondo, shati halina vifungo. Mkewe hakumlaumu wala hakumwomba msamaha.

"Sikuulizi kwa ajili ya serikali," akasema. "Mansur na aende zake. Nakuuliza kwa ajili ya mkono wa mwanao. Sindano nyingine ya kutia kidondani, Eddah ameitafuta hospitali kubwa zote, haipo. Mtoto kalia usiku kucha kwamba mkono unamwasha. Amemtupa wapi?"

"Mama kasema nini?"

"Ulimsikia."

Luqman aliweka paji la uso kwenye nondo. Alipozungumza sauti ilikuwa ya mtoto. "Kuna nyumba haijaisha, njia ya Timbwani. Nyuma yake kuna shimo la choo. Alimtupa humo. Mansur. Waambie Mansur ndiye aliyemtupa, na ndiye aliyewaleta." Alikuwa analia. "Nimemtaja. Umenisikia? Nimemtaja."

Walikipata kiroba. Margret mwenyewe alivaa glavu na barakoa, akashushwa kwa kamba. Kichwa kilitiwa barafu kikapelekwa maabara, na Mwanasaumu akaanza kungoja simu, simu imelazwa kifuani kama mtoto mchanga. Alipopigiwa alikuwa akikamua. Margret alizungumza polepole.

"Mama, pole. Kilikaa sana kwenye joto. Ubongo ulikuwa umeshaharibika. Hawakuweza kusoma kitu."

"Maana yake alikuwa nacho?"

"Maana yake hatujui."

"Na hatutajua?"

"Mmalizieni sindano," Margret akasema.

Mansur naye hakupatikana. Wengine walisema alivuka mpaka wa Lungalunga siku ile ile mdogo wake alipokamatwa. Bi Jalila alimpigia simu mara nyingi. Alipokea mara moja tu. Mwanasaumu alikuwa jikoni, akasikia mavyaa wake akisema kwa furaha, "Mwanangu, mwanangu! Niambie tu, wale wanyama walikuwa na maradhi? Walikotoka, mbwa waliwang'ata? Mjukuu wangu—" Akabaki ameishika simu sikioni.

"Amesema nini, mama?"

"Amesema nisimpigie tena." Bi Jalila aliitazama simu. "Amesema nimemlelea msaliti."

Yule duma mdogo aligoma kula. Walikuwa wamemweka upande wa Kisauni, katika uwanja uliozungushiwa wavu na mabati, atulie kabla ya kusafirishwa. Margret alipiga simu akiona haya. Je, mama angeweza kuja, na ile leso yake?

Alikwenda. Alivuka kivuko, akavuka mji, akaingia ndani ya ule uwanja, na kabla hajasema kitu kilio cha kifaranga kikamfikia. Kalikuja mbio, kakajitia katika leso. Akakalisha maziwa maalumu aliyochanganya Margret, kisha nyama ya kuku pamoja na mfupa wake, akakisikia kifupa kikivunjika katika meno yale madogo. Siku hiyo alirudi nyumbani na wasiwasi uliomshinda kuueleza, kwa sababu pale kwenye wavu, kwa kitambo, alikuwa amefurahi.

Akawa anakwenda. Shika Adabu ilijua. "Mume yu ndani," walisema kwenye foleni ya maji, bila kushusha sauti, "naye anakwenda kumlea duma." Baadhi ya wateja wakaacha kuchukua maziwa. Mbeyu tu ndiye aliyeendelea, akisimama kwenye makuti na sufuria yake, haulizi kitu.

"Atarudi porini?" Mwanasaumu alimuuliza Margret.

"Pengine. Mama yake angemfundisha kuwinda mwaka mzima na zaidi. Sisi tutampeleka mahali penye uwanda mkubwa uliozungushiwa uzio, ajifunze kukimbia, ajifunze kushika sungura na paa. Wengine huweza, wengine hawawezi." Margret alikuwa akimtazama yule mnyama alivyolala mapajani mwa Mwanasaumu. "Lakini akimpenda binadamu hatatoka kamwe. Atamfuata mtu wa kwanza atakayemwona, na yule mtu atakuwa na bunduki au tenga. Kwa hiyo, mama, sasa anakula. Leo iwe mwisho. Hapaswi kukuona tena, wala kukusikia."

Mwanasaumu aliinuka. Akamnasua mnyama kwenye leso kucha moja moja. Alitoka nje ya mabati, na Margret akafunga. Kilio kikaanza. Piu. Alisimama upande wa pili, kiganja kwenye bati lenye joto, na mdomo ukamfunguka wenyewe kutaka kuitikia. Akauziba kwa leso. Alikwenda hadi barabarani ameuziba hivyo, na watu wakampisha wakidhani amefiwa.

Luqman alitoka kwa dhamana akingoja kesi. Kazi ilikuwa imekwenda. Hakumlaumu mkewe, wala hakumkaribia. Alikaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa na kiti kikabaki kitupu kando yake. Mamake alimpita kama unavyopitwa mlango, hata chakula alimpa kupitia kwa Asmaa.

Sindano zilikwisha. Kidonda kilifunga, kikabaki na makovu mekundu. Eddah aliwaambia mtoto yu katika heri kubwa, wasiishi kwa hofu, ila wamwangalie. Kwa muda gani? Miezi, akasema. Kwa baadhi ya watu, hata mwaka. Akipata homa, au kidonda kikiwasha tena, au akashindwa kumeza, wamlete mbio.

Bi Jalila aliposikia neno la kumeza alikaa chini. Utotoni mwake, kijijini Ng'ombeni, alimwona mtu aliyeng'atwa na mbwa. Alikuwa na kiu ya kufa, na kila alipoletewa kata ya maji koo lilimkaba, akapiga yowe, wakamfunga kwenye mnazi. Hakuwa amemsimulia mtu habari hiyo miaka yote. Alimsimulia Mwanasaumu mchana huo, jikoni, na ilikuwa mara ya kwanza kusema naye tangu siku ya pingu.

Jumamosi moja Asmaa alirudi kutoka chuoni, uso umemwiva kwa jua. Akasema kichwa kinamgonga. Bi Jalila alikuwa ameshainuka. Alichota maji mtungini, akamletea kwa mikono miwili, na kikombe kikawa kinagongana na pete yake.

"Kunywa, mjukuu wangu. Nikuone."

Luqman aliinuka kwenye ndoo. Mwanasaumu alitoka zizini na mikono iliyolowa maziwa. Asmaa alikishika kikombe, akakiinua, akasita. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona mwaniangalia?"

Mtoto alikunja uso, akanywa. Waliliona koo likipanda na kushuka, likapanda, likakwama kidogo, likashuka. Alikohoa. Akamaliza, akapangusa mdomo kwa mkono wenye makovu, akakiweka kikombe chini, akakimbilia nje kwa wenzake.

Bi Jalila alikiokota, akakijaza tena, akakaa nacho mlangoni.